Nani Ataingia Kwanza

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza. Ilikuja saa nane mchana kutoka upande wa ziwa, ikapiga mabati mpaka tukashindwa kusikizana. Bravin amelala, kwa hivyo naandika.

Leo Mama Eucabeth, anayetuhifadhi hapa, alitukusanya jikoni, sisi wanawake wote na watoto wetu, akasema Mungu amejibu. Kanisa limetoa mabati na simiti. Fundi Okari ataanza kuchimba msingi wiki hii. Nyumba mpya itasimama hapo mbele, kati ya jikoni na barabara ya Awendo, na itakuwa na ukumbi mkubwa wa kulala, vitanda vya ghorofa, na choo cha ndani. Hatutamfukuza tena mtu mlangoni kwa kukosa nafasi. Halafu akasema kando ya mlango kutakuwa na chumba kimoja kidogo cha mwangalizi, chenye mlango wake na kufuli yake.

Aliposema hivyo wote waligeuka kunitazama. Mimi nikaendelea kukata sukuma wiki kama sijasikia.

Hapa tunapolala palikuwa stoo ya sukari nguru. Mama Eucabeth alipoipata, mimi ndiye niliyelala humu wa kwanza, Bravin akiwa bado tumboni, mlango wetu ukiwa gunia. Nilitoka Rusinga baada ya kumzika mume wangu. Shemeji zangu waliniambia nyumba ni ya ndugu yao, na ndugu yao hayupo, basi na mimi sipo. Tangu hapo mimi ndiye ninayepika hapa. Mimi ndiye ninayempokea mgeni na kumwonyesha maji yaliko. Mimi ndiye ninayejua nani hulia akilala na nani huficha ugali chini ya godoro akidhani kesho hakitakuwepo chakula. Lakini mlango wangu mwenyewe sina. Mimi na Bravin tunalala nyuma ya pazia, na kila anayeenda haja huligusa akipita.

Nakitaka kile chumba. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Maharagwe yalikataa kuiva.

Jumatatu, 16 Machi

Amekuja mpya. Anaitwa Pauline, mtoto wake mchanga ni Liz. Alisimama langoni na beseni kichwani, mvua inamchuruzika, hata hajapiga hodi. Nilimwendea mimi, kama kawaida.

"Karibu, mdogo wangu. Unatoka wapi?"

"Kwetu ni Kuria, huko karibu na mpaka. Lakini nilikuwa nimeolewa hapa hapa, na mkata miwa."

"Naye yuko wapi?"

"Yuko ndani na mwingine. Nimerudi kutoka kliniki na mtoto, nikakuta kufuli." Halafu akacheka. "Tena kufuli mpya, dada. Na jana aliniambia hata ya sabuni hana."

Nilimpenda kidogo kwa kicheko hicho. Nakiri. Nikamtilia uji. Kabla sijampa, Mama Eucabeth akaingia, na yule msichana aliyekuwa akicheka akamwangukia kifuani akalia kama mtoto. Mama akamshika. Alimshika muda mrefu, akimpapasa mgongo, akimwambia kwa Kigusii maneno ambayo najua Pauline hakuyaelewa. Mimi nimesimama na kikombe. Uji ulipoa mkononi mwangu.

Siku yangu ya kwanza hapa mimi sikulia. Niliuliza ufagio uko wapi.

Ijumaa, 20 Machi

Pauline amemfundisha Bravin wimbo wa Kikuria. Ameuimba kutwa nzima. Nimemwambia anyamaze, nikasema kichwa kinaniuma.

Jumanne, 24 Machi

Kila siku ya soko la Kosele mimi na Mama Eucabeth huenda pamoja kununua mahindi na maharagwe ya kituo. Yeye hujua kuomba bei, mimi hujua kufungua gunia na kunusa kama kuna uvundo. Leo nilikuwa nimeshafunga kilemba, akaniambia, "Wewe baki upumzike, Awino. Umechoka. Nitaenda na huyu binti yangu."

Mtu akitaka kukunyang'anya kitu huanza kwa kukuonea huruma.

Wamerudi jioni wakicheka jambo lililotokea huko njiani, na kila Pauline alipojaribu kunisimulia Mama alicheka upya, mpaka nikawaambia sawa, nimeelewa, ingawa sikuelewa. Nilifungua gunia la mahindi. Chini kulikuwa na unyevu. Nilifurahi kuuona, Mungu anisamehe. Nikayaanika kando ya moto, sikusema neno, lakini niliyaanika mahali ambapo kila mtu angeyaona.

Jumatatu, 30 Machi

Kuta zinapanda. Okari hunitania kila nikimpelekea chai. "Mama Bravin, dirisha la chumba chako nilielekeze wapi, barabarani ama jikoni?"

"Jikoni. Nimwone anayeiba sukari."

"Na mimi je, nisipite kukusalimia?"

"Wewe pita na kokoto zako."

Vibarua wakacheka. Nilirudi jikoni nikiwa mwepesi. Amesema chumba chako. Fundi husikia mambo.

Ijumaa, 3 Aprili

Usiku kucha maji. Nimechoka mpaka mifupani.

Jumatano, 8 Aprili

Mto Kuja umefurika huko chini, Nyatike. Leo lori lilileta watu: wamama, watoto, vitanda vilivyolowa, mbuzi mmoja. Stoo imejaa. Watu wamelala hadi barazani wakijifunika karatasi za nailoni. Okari anaambiwa aharakishe, naye anasema simiti haiharakishwi kama chai.

Kati yao yumo nyanya mmoja, mdogo wa mwili, mkubwa wa mdomo. Ana kikapu chake anachokikalia kama kiti. Tunamwita Dani, yaani bibi. Kabla hajakunywa hata maji aliuliza, "Mkubwa wa boma hili ni nani?"

Mtu akamwambia ni Mama Eucabeth, ila yeye hulala kwake mjini.

"Sikuuliza mwenye kununua unga. Nimeuliza aliyelala hapa kwanza."

Wakaninyooshea kidole. Dani akanitazama kutoka miguuni hadi kilembani.

"Wewe binti wa wapi?"

"Wa Rusinga, Dani."

"Basi nyar Rusinga ndiye mikayi wetu," akasema, na wanawake wakapiga makofi.

Kwetu Wajaluo mikayi ni mke mkubwa. Yeye ndiye hupanda wa kwanza, huvuna wa kwanza, huingia wa kwanza. Mke mdogo akimvuka, huja chira, ugonjwa wa kukonda usio na dawa, na mara nyingi humshika mtoto. Nilimwambia Dani hapa si boma, ni kituo cha watu wasio na kwao. Akasema, "Mtu hupoteza boma. Utaratibu hapotezi."

Nilicheka. Lakini nilipokuwa nagawa chakula niliona Dani hakugusa sahani yake mpaka nilipotia tonge langu mdomoni. Ni muda mrefu tangu mtu aningoje.

Jumatano, 15 Aprili

Leo mvua ilitoa nafasi asubuhi, tukaenda kupanda maharagwe nyuma ya stoo. Pauline alikuwa na haraka kwa sababu Liz alikuwa amelala. Akainama, akatoboa shimo, akataka kutia mbegu.

"Weeee!" Dani alipiga kelele kama ameona nyoka. Pauline akatupa mbegu zote hewani. Tulicheka, wote. Mimi nilicheka zaidi ya wengine.

"Nimefanya nini?" akauliza, uso umemwiva.

"Umetaka kumvuka mwenzio," akasema mmoja wa wale wa Nyatike. "Subiri mkubwa apande."

Kwao Kuria huenda mambo yapo kivingine, sijui. Ningeweza kumwambia, wacha tu, mdogo wangu, panda. Nilichukua mbegu. Nikaenda kichwani mwa mstari, nikapiga magoti, nikatia moja, nikafukia, nikatia nyingine. Nilifanya polepole. Walisimama nyuma yangu na majembe, hata Pauline. Ule utamu nikiuandika sasa hivi bado nausikia.

Jioni alinifuata kwenye mabomba. "Dada, ungeniambia mapema."

"Hukuuliza."

Jumapili, 19 Aprili

Bravin aliteleza barazani akapasua goti. Mimi nilikuwa karibu naye, nimeshapiga magoti, nimefungua mikono. Alinipita. Alinipita kama mti ulio njiani, akakimbilia kwa Pauline, na Pauline akambeba mkono mmoja huku mwingine ukiwa na Liz, akamfuta machozi kwa leso, akampulizia goti. Alinitazama juu ya kichwa cha mtoto. Sijui alitaka kusema nini. Nilimwambia asante, kwa sauti ya kumwambia kondakta.

Halafu nikaenda kuchambua dengu. Nimemzaa mwenyewe, peke yangu na Mungu, nyuma ya lile gunia, na sauti ya mvua kama hii.

Alhamisi, 23 Aprili

Mabati yamepigwa. Nyumba ni nzuri kuliko nilivyodhani. Inaniudhi kwa uzuri.

Jumanne, 28 Aprili

Mama Eucabeth aliniita nyumba mpya. Sakafu bado ina baridi ya simiti. Tulisimama kwenye mlango wa kile chumba. Dirisha linatazama jikoni, kama nilivyosema.

"Awino, chumba hiki nimempa Pauline."

Nilitazama dirisha.

"Ana mtoto mchanga," akasema. "Na watu wa kaunti wakija kukagua, yeye anaweza kuongea nao bila kuogopa. Wewe una jikoni yako. Jikoni hakuna mwingine anayeiweza."

"Sawa, Mama."

"Hujakasirika?"

"Kwa nini nikasirike?"

"Najua wewe ni mtu mzima. Ndiyo maana nimekuambia wewe kwanza."

Nilirudi jikoni nikaosha sufuria zote. Zilikuwa safi. Nikaziosha. Fundi Okari alipita akanitania juu ya dirisha, nikamwambia kama hana kazi aende kwao. Alirudi nyuma kama amechomwa.

Mtu mzima. Yule anayelia anapewa mlango. Mimi nisiyelia napewa sufuria.

Jumatano, 29 Aprili

Nimeweka chumvi nyingi kwenye mboga. Hakuna aliyesema.

Jumamosi, 2 Mei

Pauline hajui afurahi au aone aibu. Leo alisema, "Dada Awino, mimi sikumwomba." Nikamwambia sikusema aliomba. Akasema, "Nikimwambia akupe wewe, utakubali?" Nikamwambia sili makombo.

Hata Bravin alinitazama.

Alhamisi, 7 Mei

Ukuta wa nyuma wa stoo umeanguka. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wako nje wanafua, na hiyo ndiyo neema. Ulilala taratibu kama mzee anayekaa chini, kisha bati likauangukia. Mbuzi wa Nyatike tu ndiye aliyeumia mguu.

Mama Eucabeth amekuja na uso mweupe. Hakuna kulala humo tena. Usiku huu tumejibana jikoni na barazani. Kesho Ijumaa watu wote wahamie nyumba mpya, na wawe wameingia kabla ya jua kuzama, maana baada ya hapo ni Sabato na yeye habebi hata kijiko.

Ijumaa, 8 Mei

Nitaandika yote.

Asubuhi Mama aliomba mbele ya mlango wa nyumba mpya, akaufungua, kisha mbele ya watu wote akampa Pauline ufunguo wa chumba. Pauline akaingia na beseni lake na Liz mgongoni. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni. Niliona hayo, nikageuka, nikaingia ndani kwa mafiga yangu.

Nikangoja kelele za watu kuhama. Sikusikia kitu. Nilipochungulia kwenye upenyo wa bati, niliwaona wamesimama uani na magodoro vichwani, kama watu wanaongoja gari. Mbele yao Dani, amekalia kikapu.

"Mbona hamwingii?" Mama akauliza.

"Tunamngoja mikayi."

"Dani, hii ni nyumba ya Mungu. Si boma la mtu."

"Mungu naye ana mpangilio, mwanangu. Alianza na nuru. Hakuanza na samaki."

Mama akawageukia wengine mmoja mmoja, akawataja kwa majina. Walitazama chini. Hata wale ambao huenda kanisani naye, hata wale wa mjini wanaojua kwamba chira hospitali huipa jina lingine. Mama mmoja wa Nyatike akasema kwa upole, "Tumeshapoteza nyumba moja. Tukiingia hii vibaya na mtoto akafa, tutamlilia nani?"

Mama akaniita. "Awino! Njoo uingie, watu wahame!"

"Niko na kazi!" nikajibu.

Na kazi nilikuwa nayo. Nilikuwa naosha maharagwe. Niliyaosha mpaka maji yakawa ya kunywa.

Mvua ilikuja saa nane, kama ile ya kwanza. Walijibana chini ya ukingo wa paa la nyumba ambayo hawakutaka kuingia. Mlango uko wazi nyuma yao, ndani kukavu, vitanda vimepangwa. Walivuta nailoni. Watoto walianza kulia. Kuna mtu alisema kitu ambacho sikusikia, na baadaye kidogo Pauline akatokea mlangoni. Alikuwa na beseni lake. Alifunga chumba, akatoka nje. Pale chini ya paa hakuna aliyemsogelea kumpa nafasi, basi akaenda akasimama katikati ya uwanja, kwenye matope, maji yanampiga.

"Ulikuwa na haraka," sauti ikamwambia. "Mtoto akikonda usilie."

Sidhani Pauline anaamini mambo hayo. Alitoka kwa sababu aliona hawataingia yeye akiwa ndani.

Nitasema ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilifurahi. Niliweka jicho kwenye ule upenyo, nikakaa hapo, nikamtazama mvua inavyomlowesha nywele alizosuka vizuri, na moyo wangu ulikuwa unakula. Wote wamelowa kwa sababu yangu. Mtu anayewafungia watu nje hata ufunguo hana.

Mama Eucabeth alikuja jikoni. Viatu vyake vya kanisani vimejaa tope. Akavuta kigoda.

"Awino, jua linashuka."

"Naliona."

"Unanifanyia hivi mimi?"

"Sijafanya kitu, Mama. Niko jikoni. Si ndiko uliniweka?"

Alivua kiatu kimoja akamwaga maji, akakivaa tena. "Unataka chumba."

"Nataka uniambie kama unampenda kuliko mimi."

Sikujua nitasema hivyo. Lilitoka. Mvua ilikuwa kubwa nikatumaini hakusikia, lakini alisikia.

"Yule hunikumbatia," akasema. "Wewe kila nikikukaribia unanipa kikombe cha chai. Nimekunywa chai yako miaka yote hii nikidhani hutaki kitu kingine."

Nikaangalia mkono wangu. Ulikuwa tayari kwenye birika.

"Kwa hivyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo kidogo," akasema Mama.

Nilishukuru hakunidanganya. Iliniuma vizuri, kama jipu likitumbuliwa. Alitaka kunishika bega, nikasogea, akauacha mkono wake hapo hewani, kisha akautumia kujiinua.

Ndipo nilipoona Bravin hayupo nyuma yangu. Alikuwa ametoka. Nilirudi kwenye upenyo nikamwona anavuka matope, anamkimbilia Pauline, anamshika paja. Nilisubiri wivu uje, na ulikuja. Lakini Pauline alikuwa na leso moja tu, ile iliyomfunika Liz mgongoni. Aliitazama. Kisha akaivuta ubavuni, akamfunika nayo mwanangu kichwani, na Liz akabaki kichwa wazi. Mvua ikampiga yule mtoto usoni, akashtuka, akalia.

Mtoto wa mwenzangu alikuwa analoweshwa ili wangu awe mkavu, na mimi niko hapa na maharagwe.

Nilichukua koleo la jikoni. Nikachota makaa mekundu kutoka mafigani, nikayafunika kwa sinia, nikatoka. Matope yalinifika kwenye vifundo. Sinia lilikuwa linapiga kelele kwa matone. Waliponiona walianza kusogea, na Dani akapiga kigelegele kikali kuliko mwili wake.

Mbele ya mlango nilisimama. Kulia ni ukumbi, kushoto ni chumba. Walikuwa wananitazama nitageukia wapi, maana mikayi anapotua moto ndipo pake, na hakuna atakayeubishia, hata Mama Eucabeth na kanisa lake lote.

"Pauline," nikasema. "Fungua."

Alikuja, watoto wawili juu yake. Alifungua mlango wa chumba. Akaniwekea ufunguo kiganjani, akarudi nje kwenye mvua bila kuambiwa.

Niliingia kushoto. Chumba kinanuka chokaa. Kulikuwa na jiko dogo jipya pembeni, nikatia makaa, nikapuliza. Nyuma yangu watu walimwagika ukumbini, magodoro, sufuria, watoto, mbuzi mwenye mguu uliofungwa. Niliusikia ukumbi unavyojaa. Kuta zangu nne. Mlango wangu. Nilikuwa nimeshinda, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nje alibaki Pauline. Dani alikuwa amesimama kizingitini kama askari. "Wewe utaingia wa mwisho. Aliyevuka huingia wa mwisho."

"Pauline!" nikaita. "Lete hilo beseni."

"Nilipeleke ukumbini, dada?"

"Lilete humu. Chumbani."

"Aa-aa!" Dani akanyanyua mikono yote miwili. "Wake wenza chumba kimoja? Tangu lini? Kila mwanamke na nyumba yake! Nyar Rusinga, umeanza vizuri, sasa unatuletea laana!"

Ana haki. Kwetu wake wenza hawalali chini ya paa moja. Ukumbini watu waligeuka kunitazama.

"Dani," nikamwambia, "kwani mume yuko wapi?"

Dani alifungua mdomo. Alitazama ukumbini. Alitazama uani, kwenye mvua, hata akachungulia nyuma ya mlango, kama labda tumemsahau huko mwanamume fulani mwenye kofia. Ukumbini mtu alianza kucheka, akajizuia, mwingine akashindwa.

"Huenda amechelewa," Dani akasema.

Basi ikawa kicheko. Wanawake walicheka mpaka wakaketi kwenye magodoro mabichi, waliofiwa, waliofukuzwa, waliofungiwa kufuli mpya. Dani mwenyewe alicheka mdomo wazi bila meno, akasogea kando. Pauline akaingia akipiga chafya, na Mama Eucabeth nyuma yake akafunga mlango mkubwa, jua likiwa bado juu ya miwa kwa kiasi cha kidole.

Jumamosi, 9 Mei, Sabato

Mvua bado. Chumba ni kidogo kwa watu wanne. Liz amelia sana, pua zimemziba, Pauline anaimba wimbo ule ule, na Bravin amelala upande wao wa jiko. Nimemwacha. Ufunguo uko kwenye kilemba changu. Sijaurudisha, naye hajauuliza.

Leo mchana aliniambia, akiwa amenipa mgongo, "Dada, najua hunipendi."

"Sikupendi sana," nikamwambia. "Lakini sogeza godoro huku. Hapo chini ya dirisha maji yanaingia."

Akasogeza.